Vinasa Sauti vya Dijitali vya Mkononi na Mipaka Yake katika Utafiti wa Fonetiki ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza mipaka ya vinasa sauti vya dijitali vya mkononi katika kunasa na kuhariri data ya lugha ya mazungumzo. Hoja yetu kuu ni kwamba maamuzi yanayofanywa kwenye kinasa kabla mtoa habari hajafungua kinywa ndiyo yanayoamua ni maswali gani data itaweza kuyajibu baadaye, na kwamba uhariri, hata uwe wa ustadi namna gani, hauwezi kurudisha taarifa ambayo haikunaswa. Mifano imetolewa katika fonetiki ya Kiswahili, hususan lahaja ya Kimvita. Makala yanamalizia kwa mapendekezo kwa wanafunzi wa uzamili wanaojiandaa kwenda uwandani.

1.0 Utangulizi

Isimu ya lugha za Kiafrika imetegemea vyombo vya kunasa sauti kwa zaidi ya karne moja. Thomas Edison alibuni fonografu mwaka 1877, na mwaka 1900 ikaanzishwa huko Berlin hifadhi ya fonogramu iliyokusanya sauti kutoka pande nyingi za dunia, zikiwemo za Afrika. Hugh Tracey alizunguka Afrika Mashariki katika miaka ya mwanzo ya 1950 akinasa nyimbo na ala kwa mashine nzito zilizobebwa kwa gari. Kaseti ndogo iliyotolewa na Philips mwaka 1963 ndiyo iliyomwezesha mtafiti wa kawaida kutoka peke yake na mkoba begani. Leo kinasa kinaingia katika mfuko wa shati, nacho kina uwezo wa kuhifadhi sauti ya siku nzima.

Wepesi huo umezua dhana kwamba tatizo la unasaji limekwisha. Wanafunzi wengi wanaotuletea data huamini kuwa neno “dijitali” ni dhamana ya ubora. Makala haya yanapinga dhana hiyo, na pingamizi letu limetokana kwanza na kosa letu wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita tulikwenda Mombasa kuchunguza tofauti baina ya /t/ ya meno na /t/ ya ufizi, tofauti ambayo Kimvita na Kiamu zimeihifadhi ilhali Kiswahili sanifu hakina. Mmoja wa watoa habari wetu alikuwa bibi mzee wa Mji wa Kale, aliyetamka sauti hizo mbili kwa uwazi ambao hatujapata kuusikia tena. Kwa kuhofia kadi kujaa, tuliteua hali ya kinasa iliyoitwa ya muda mrefu. Tuliporudi ofisini na kuchora spektogramu, tuliona kuwa juu ya hezi 4,000 hapakuwa na kitu, ni weupe mtupu. Mpasuko wa /t/ hudumu kwa milisekunde chache tu, na sehemu muhimu ya ushahidi wa mahali pa matamshi imo katika jinsi nguvu yake inavyotawanyika katika masafa, yakiwemo yaliyo juu ya kikomo hicho. Tulipojiandaa kurudi Mombasa, tulipata habari kuwa bibi huyo amefariki. Tunayo maandishi yetu ya kifonetiki, lakini hakuna msomi mwingine anayeweza kuyathibitisha wala kuyakanusha. Maji yakimwagika hayazoleki.

2.0 Kutoka Mkanda hadi Kadi

Ili kuelewa mipaka ya vyombo vya sasa ni vyema kuangalia kwa ufupi vile vilivyovitangulia, kwa kuwa makabati ya idara zetu yangali yamejaa rekodi zilizofanywa kwavyo.

Mkanda wa sauti wa dijitali, uliojulikana kwa kifupi kama DAT, uliingia sokoni mwaka 1987. Ulihifadhi sauti bila kuikandamiza, kwa biti 16 na hadi sampuli 48,000 kwa sekunde, na kwa hiyo ulipendwa na wanafonetiki. Udhaifu wake ulikuwa katika mitambo: kichwa chake kilizunguka kwa kasi kikisoma mistari myembamba mno juu ya mkanda, hivyo vumbi na unyevu viliuathiri upesi. Mtafiti aliyetoka katika chumba chenye kiyoyozi na kuingia katika joto la pwani aliweza kukuta mashine imegoma kwa sababu ya umande uliotanda ndani yake. Sony, mmojawapo wa waasisi wake, ilisimamisha utengenezaji wa mashine hizo mwaka 2005.

Diski ndogo ya MiniDisc, iliyotolewa na Sony mwaka 1992, ilikuwa imara na nyepesi zaidi, lakini ilipata wepesi huo kwa kuikandamiza sauti hadi takriban moja ya tano ya ukubwa wake. Ilikuwa na mipaka mingine miwili iliyowasumbua watafiti. Kwanza, orodha ya yaliyomo katika diski iliandikwa baada ya kinasa kusimamishwa. Umeme ukikatika kabla ya hapo, sauti ilikuwamo ndani ya diski lakini chombo hakikujua ilipo. Pili, kwa miaka mingi vinasa vya mkononi vya aina hiyo havikumruhusu mtumiaji kuihamisha rekodi yake mwenyewe kwenda kwenye kompyuta kwa njia ya dijitali. Ilimlazimu kuicheza saa nzima ili kunakili saa nzima, tena kwa waya wa analojia. Hali hiyo ilianza kubadilika mwaka 2004 ilipotolewa Hi-MD. Utengenezaji wa diski tupu za kurekodia ulikoma Februari 2025.

Historia hii ina funzo. Mipaka ya chombo haiishii katika siku ya kunasa. Chombo chenyewe kina umri, na umri huo mara nyingi ni mfupi kuliko ule wa swali la utafiti.

3.0 Mipaka ya Unasaji

3.1 Masafa

Kinasa cha dijitali hakihifadhi wimbi la sauti lenyewe, bali huchukua vipimo vya wimbi hilo kwa vipindi vilivyo sawa. Kila kipimo huitwa sampuli. Kanuni ya msingi ni kwamba masafa ya juu kabisa yanayoweza kuwakilishwa ni nusu ya idadi ya sampuli kwa sekunde. Sampuli 44,100 hufikia hezi 22,050, kiasi kinachozidi uwezo wa kusikia wa binadamu. Sampuli 8,000, ambazo ndizo za simu ya kawaida na za vinasa vingi vya ofisini katika hali ya kubana nafasi, haziwezi kuvuka hezi 4,000.

Kwa mtu anayetaka kukumbuka yaliyosemwa mkutanoni, kiasi hicho chatosha, kwa sababu fomanti tatu za kwanza za irabu kwa kawaida zimo chini ya kikomo hicho. Kwa mwanafonetiki hakitoshi. Kikwamizo /s/ kina sehemu kubwa ya nguvu yake juu ya hezi 4,000. Ikiondolewa, tofauti baina ya /s/ na /f/ hufifia, na msikilizaji hutegemea muktadha kuamua kama amesikia *saa* au *faa*. Akili ya mzawa wa lugha huziba pengo hilo bila yeye kujua. Kifaa cha kupimia hakina akili hiyo.

3.2 Biti na Kiwango cha Sauti

Idadi ya biti huamua usahihi wa kila kipimo. Kila biti moja huongeza takriban desibeli 6 baina ya sauti kubwa kabisa na kelele ya chini kabisa. Kwa hiyo biti 16 hutoa kama desibeli 96, na biti 24 kama desibeli 144 kinadharia. Tunasema kinadharia kwa sababu sakiti ya kukuzia mawimbi ya maikrofoni ndani ya kinasa kidogo huwa na kelele yake yenyewe, nayo huzimeza biti za chini. Maandishi “biti 24” juu ya kasha si kipimo cha utulivu wa sakiti hiyo.

Hatari kubwa zaidi iko upande wa juu. Mkanda wa sumaku ulipozidiwa na sauti uliipinda kidogo kidogo. Mfumo wa dijitali una dari: ukifika hapo, kilele cha wimbi hukatwa, na alama za uongo huenea katika spektogramu nzima. Mtoa habari anayecheka ghafla katikati ya hadithi hutosha kuharibu sentensi iliyokuwa ikitafutwa. Vinasa vya biti 32 vyenye desimali inayoelea, vilivyoanza kuenea mwishoni mwa miaka ya 2010, vimepunguza tatizo hili, lakini havimkingi mtafiti iwapo maikrofoni yenyewe imezidiwa, wala haviondoi kelele ya feni iliyoko chumbani.

Watengenezaji wengi wameweka kinga nyingine, yaani urekebishaji wa kiwango unaojiendesha: sauti ikishuka chombo huipandisha, ikipanda huishusha. Kwa mwandishi wa habari huu ni msaada. Kwa anayechunguza mkazo ni uharibifu. Tuchukue mfano unaofahamika wa *barabara* yenye maana ya njia, ambayo mkazo wake uko katika silabi ya pili kutoka mwisho, na *barabara* yenye maana ya sawasawa, ambayo mkazo wake uko katika silabi ya tatu kutoka mwisho. Anayetaka kujua nguvu ya sauti ina mchango gani katika tofauti hiyo, kando ya kidatu na urefu wa irabu, hawezi kutumia rekodi ambayo nguvu yake imebadilishwa na mashine. Namba atazipata, lakini zitakuwa za tabia ya kinasa, si za msemaji.

Jambo hili lahusu pia kichujio cha sauti za chini, ambacho huwekwa ili kupunguza mvumo wa upepo. Vipasuo ghuna vya Kiswahili kwa kawaida hutamkwa kwa kuvuta hewa ndani, isipokuwa vinapotanguliwa na nazali, na ushahidi wake mmojawapo ni mtetemo wa masafa ya chini unaokua wakati kinywa kimefungwa. Kichujio kinachokata masafa hayo hukata na ushahidi huo.

3.3 Ukandamizaji

Mifumo ya ukandamizaji kama MP3 imejengwa juu ya udhaifu wa sikio: sauti ambayo sikio halingeisikia kwa kuwa imefunikwa na nyingine hutupwa au huwakilishwa kwa ukali mdogo. Mtu anaweza kuhoji: ikiwa sikio halitambui tofauti, mwanaisimu amepoteza nini? Hoja hii ina uzito. Kwa uchunguzi wa sintaksia, wa msamiati au wa mazungumzo, hajapoteza kitu cha maana. Hata kidatu na fomanti kuu za irabu kwa kawaida hubaki karibu na thamani zake iwapo ukandamizaji si mkali.

Tatizo huanza pale tunapopima mambo yanayotokea kwa muda mfupi. MP3 hushughulikia sauti kwa mafungu ya sampuli 1,152, yaani takriban milisekunde 26 kwa kiwango cha sampuli 44,100. Kosa linalofanywa katika fungu huweza kutapakaa ndani yake, hata likatangulia mpasuko uliolisababisha. Watungaji wa mfumo huo waliweka mbinu ya kutumia mafungu mafupi ili kupunguza hali hiyo, lakini hawakuiondoa kabisa. Sasa tuangalie Kimvita, ambamo *paa* la nyumba hutamkwa bila mpumuo na *p’aa* mnyama hutamkwa kwa mpumuo. Vivyo hivyo *kaa* la moto na *k’aa* wa baharini. Tofauti hiyo hupimwa kwa kuhesabu milisekunde tangu mpasuko hadi nyuzi za sauti kuanza kutetema. Ikiwa mwanzo wa mpasuko umetiwa ukungu, rula imepoteza sifuri yake.

3.4 Ukubwa wa Faili na Nishati

Sababu inayotolewa kutetea ukandamizaji ni nafasi. Hesabu yenyewe ni rahisi. Sauti isiyokandamizwa ya njia mbili, biti 16 na sampuli 44,100, hutumia baiti 176,400 kwa sekunde, yaani kama megabaiti 635 kwa saa. Ya njia moja hutumia nusu yake. Kadi ya gigabaiti 32 huhifadhi karibu saa 50 za njia mbili. Udhuru wa nafasi uliokuwa na maana miaka 20 iliyopita hauna maana tena.

Hata hivyo kuna kikomo kisichojulikana sana. Faili ya kawaida ya WAV huandika urefu wake kwa namba ya biti 32, hivyo haiwezi kuvuka gigabaiti 4. Vinasa vingi hukata hata kabla, katika gigabaiti 2, na kuanza faili mpya. Kwa kiwango tulichotaja, gigabaiti 2 ni kama saa 3 na dakika 20. Kwa biti 24 na sampuli 96,000 za njia mbili, ni kama saa moja tu. Baadhi ya vinasa huunganisha faili hizo bila kupoteza kitu. Vingine huacha pengo. Anayenasa ngoma ya usiku kucha au utendi unaoghaniwa bila kukatizwa hana budi kukijaribu chombo chake nyumbani kabla ya kukiamini.

Aidha, betri ikiisha ghafla, kichwa cha faili huenda kisikamilishwe. Sauti huwamo ndani ya kadi, lakini programu hukataa kuifungua. Mara nyingi huweza kuokolewa, ili mradi mtafiti asinase kitu kingine juu ya kadi hiyo.

4.0 Mipaka ya Uhariri

Vinasa vingi vya mkononi hutoa nafasi ya kugawa faili, kufuta sehemu, kupandisha kiwango, na wakati mwingine kupunguza kelele. Tunapendekeza vitendo hivyo visifanyike kamwe kwenye kinasa chenyewe. Skrini ni ndogo mno kuonyesha wimbi kwa usahihi wa milisekunde. Mkato unaofanywa mahali ambapo wimbi halipo kwenye sifuri huzaa mlio unaoweza kudhaniwa kuwa mpasuko. Na vinasa vingi, vikishafuta, havina njia ya kurudi nyuma.

Uhariri wa kompyuta una nafasi kubwa zaidi, lakini nao una mipaka ya kimsingi. Kupandisha sauti hafifu hupandisha na kelele yake kwa kiasi kilekile. Programu za kuondoa kelele hukadiria kelele ni ipi na kuiondoa popote inapodhaniwa kuwapo. Matokeo huwa matamu sikioni, ilhali vikwamizo na mpumuo, ambavyo kwa asili ni kelele, huliwa pamoja nayo. Kuifungua faili ya MP3, kuihariri na kuihifadhi tena kama MP3 ni kuikandamiza mara ya pili. Kuigeuza iwe WAV hakuirudishii kilichotupwa. Ni sawa na kuimimina chai iliyopoa katika birika jipya.

Kuna pia tatizo la saa. Mtafiti anayetumia kinasa sauti pamoja na kamera ya video hutegemea saa mbili tofauti. Zikihitilafiana kwa sehemu 50 tu katika milioni, baada ya saa moja sauti na picha zitakuwa zimeachana kwa sekunde 0.18. Kwa uchunguzi wa ishara za mikono zinavyoambatana na silabi, hilo ni kosa kubwa. Kuoanisha mwanzo wa rekodi hakutoshi. Inafaa kupiga kofi mbele ya kamera mwanzoni na mwishoni.

Hatimaye kuna mpaka usio wa kiufundi. Mtoa habari aliyekubali kunaswa hakukubali maneno yake yapangwe upya. Kuondoa kikohozi, kusita au kurudia neno kunaweza kuonekana kuwa ni usafi, lakini kusita ni data kwa anayechunguza mazungumzo, na ni sehemu ya ushahidi kwa anayechunguza historia simulizi. Uhariri wowote usiotangazwa humwekea mzee maneno ambayo hakuyatamka kwa namna hiyo.

5.0 Mapendekezo

Kutokana na maelezo haya, tunapendekeza yafuatayo kwa wanafunzi na idara zetu.

(a) Sauti inaswe bila kukandamizwa. Mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Hifadhi za Sauti na Picha Mjongeo, IASA, unataja biti 24 na sampuli 48,000 kuwa kiwango cha chini cha kuhifadhia. Kinasa kisichofikia hapo kitumike katika kazi zisizohitaji vipimo vya akustika, na jambo hilo lisemwe wazi katika tasnifu.

(b) Urekebishaji wa kujiendesha na vichujio vizimwe. Kiwango kiwekwe kwa mkono ili vilele vifikie kama desibeli 12 chini ya dari.

(c) Maikrofoni ya nje ipewe kipaumbele katika bajeti. Kuisogeza karibu na kinywa, umbali usiobadilika, huleta faida kubwa kuliko kubadilisha kinasa. Feni na jokofu vizimwe kwa idhini ya mwenye nyumba, na chumba chenye mazulia na mapazia kiteuliwe badala ya ukumbi wenye kuta tupu.

(d) Mtafiti anase dakika mbili, asikilize, achore spektogramu kwa programu kama Praat, iliyotungwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam na inayopatikana bila malipo. Afanye hivyo siku ya kwanza, angali uwandani. Hatua hii ya dakika chache ndiyo ambayo sisi hatukuifanya.

(e) Faili asilia isiguswe. Uhariri wote ufanywe katika nakala, na orodha ya mabadiliko itunzwe pamoja na tarehe, mahali, lahaja, aina ya chombo na hali iliyoteuliwa.

(f) Idara zihamishe rekodi za kaseti, DAT na MiniDisc zilizomo makabatini mwao kabla mashine za kuzichezea hazijatoweka. Nakala zihifadhiwe mahali pawili au zaidi, na moja irudishwe kwa jamii iliyotoa sauti hizo.

6.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kuwa kinasa sauti cha dijitali si kioo kitupu kinachoakisi usemi, bali ni chombo kinachochagua. Kinachagua masafa, kiwango, muda na kile kinachostahili kutupwa. Uchaguzi huo ukifanywa na mtafiti anayejua swali lake, chombo ni mtumishi mwema. Ukiachiwa kiwanda, mtafiti hujikuta akipima maamuzi ya mhandisi ambaye hakumfikiria mwanaisimu.

Lahaja zetu zimo katika mabadiliko ya haraka, na baadhi ya tofauti zilizotajwa humu zimebaki katika vinywa vya watu wachache walio wazee. Rekodi tunayoifanya leo huenda ikawa ndiyo pekee. Bibi wa Mombasa alitupa asubuhi mbili za wakati wake na matamshi yaliyokuwa safi. Upungufu uliomo katika rekodi ile si wake. Ni wetu, na ulisababishwa na kitufe kimoja tulichokibonyeza bila kusoma maana yake.